Mwandishi wa Habari Asifukuzwe Mkutanoni

(Haya ni maneno ya mweka hazina wa tawi letu la Isiolo, aliyoyasema katika mkutano wa wanachama ilipojadiliwa hoja ya kuwakataza waandishi wa magazeti na redio wasihudhurie mikutano yetu. Tumeyapiga chapa yote kwa ajili ya madereva na matanboi waliokuwa safarini siku ile. – Mhariri)



Najua wengi wenu mlitazamia kwamba nitakuwa wa kwanza kuinua mkono kuunga hoja iliyo mbele yetu, na sababu yake mnaijua. Ile habari iliyosomwa redioni mwezi uliopita, kisha ikachapwa gazetini katika ukurasa wa ndani, kwamba tawi la Isiolo halijasomewa hesabu za fedha zake kwa miaka miwili, ilinihusu mimi. Mimi ndimi nishikaye vitabu. Jina langu halikutajwa, lakini mji wetu si mkubwa. Nilipoingia hotelini kunywa chai asubuhi ile, meza mbili zilinyamaza. Mke wangu aliulizwa sokoni. Mtoto wangu aliulizwa shuleni kama ni kweli babake amekula pesa za madereva, akarudi nyumbani hataki chakula.

Basi ikiwa katika nyumba hii yuko mtu mwenye sababu ya kumchukia yule kijana mwandishi, ni mimi. Nami, ndugu zangu, nimesimama kuipinga hoja.

Neno la kwanza ni zito kwangu, kwa hiyo nalisema upesi. Habari ile ilikuwa kweli. Hesabu hazikusomwa. Mwaka wa kwanza niliugua. Mwaka wa pili nilikuwa mzima, lakini niliona haya kusimama mbele yenu na hesabu za miaka miwili pamoja, nikasema nitangoja kidogo, na kidogo ikawa mwaka. Fedha hazikupotea hata senti moja, ziko benki, lakini ninyi mngejuaje? Sheria ya uhusiano wa kazi ya 2007 yataka vitabu vya chama vikaguliwe kila mwaka, na wenye mali ni ninyi. Kijana yule alikuja ofisini kuniuliza, si mara moja, ni mara mbili. Mara ya kwanza nilimwambia nina shughuli. Mara ya pili nilimjibu maneno ambayo siwezi kuyasema mbele ya akina mama. Aliyoyaandika aliyaandika baada ya kugonga mlango mara mbili, na hilo pia alilisema: kwamba mweka hazina aliulizwa, hakujibu.

Kosa lake lilikuwa moja. Alisema fedha hazijulikani ziliko. Hilo halikuwa sawa. Zilijulikana, ila mjuzi alikuwa mtu mmoja, naye alikuwa amefunga mdomo. Nilimpelekea barua pamoja na karatasi ya benki, na siku ya tatu redio ikasoma sahihisho, katika saa ile ile ya habari, si usiku wa manane. Wangapi kati yenu mlisikia sahihisho hilo? Naona mikono minne. Na wangapi mlisikia habari ya kwanza? Ndiyo. Jambo hili nitalirudia.

Sasa nawaomba turudi nyuma kidogo, kwa kuwa sisi wa Isiolo twajua kuliko watu wa Nairobi nchi isiyo na mwandishi hukaaje. Wazee wetu walitusimulia habari za kizuizi. Isiolo ilikuwa mlango wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ile N.F.D. Kwa sheria ya wilaya za mbali ya 1902, na kwa ile ya wilaya maalum ya 1934, mtu hakupita kwenda juu wala kushuka chini bila karatasi ya ruhusa. Mchuuzi aliomba ruhusa, mwalimu aliomba ruhusa, na mwandishi wa gazeti vilevile, naye alipewa ikiwa wakubwa wameona vema. Basi mambo ya nchi kubwa namna hii yaliandikwa na nani? Yaliandikwa na Bwana D.C. mwenyewe katika ripoti yake ya mwaka, nayo ikaenda kwa mkubwa wake. Mtawala ndiye aliyetoa habari za utawala wake. Ni kama mimi ningekagua vitabu vyangu mwenyewe, kisha nikajipa alama nzuri.

Uhuru ulikuja Desemba 1963, lakini kwetu ulikuja pamoja na hali ya hatari. Miezi michache kabla yake, tarehe 28 Juni, D.C. wetu Daudi Dabasso Wabera aliuawa karibu na Modogashe pamoja na Chifu Haji Galma Dido. Barabara moja ya Nairobi ina jina la Wabera, na watu wengi huipita kila siku wasijue alikuwa nani. Kisha vita vya shifta vikaendelea mpaka mapatano ya Arusha, Oktoba 1967. Katika miaka hiyo watu wa wilaya hii walikusanywa na kukalishwa katika vijiji vyenye ulinzi, Garba Tulla, Merti na Modogashe, na mifugo ikafa kwa njaa au ikauawa kwa risasi. Waborana huita wakati ule gaf Daba, yaani siku za kuzuiliwa. Aliyekuwa na ng'ombe na ngamia alitoka mle akiwa maskini, akaja mjini kutafuta kazi ya kibarua. Wako humu ndani wana na wajukuu wa watu hao. Ndiyo maana ninyi ni madereva na walinzi.

Nenda sasa ukasome magazeti ya siku zile. Utaona shifta kadha wameuawa mahali fulani, na hesabu hiyo imetolewa na serikali Nairobi. Ng'ombe wa mtu wa Merti hawamo katika hesabu ile. Mwaka 1970 ikatungwa sheria ya kuwakinga watumishi wa serikali na askari wasishtakiwe kwa yaliyotendeka kaskazini wakati ule. Mahakama imefungwa, na gazeti halikuandika. Basi mzee akisimulia leo, kijana wake husema labda mzee anazidisha.

Mfano mwingine ni Wagalla. Februari 1984 wanaume wengi walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na Wajir, na wengi hawakutoka hai. Serikali ilisema waliokufa ni 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya 2013, ilikubali kwamba waliokufa waweza kuwa karibu elfu moja. Kutoka 57 mpaka karibu elfu, miaka 29 ilipita. Aliyesaidia habari hiyo itoke nje hakuwa mwandishi. Alikuwa mama Mwitaliano, Annalena Tonelli, aliyewatibu watu wa Wajir ugonjwa wa kifua kikuu. Alikwenda porini kutafuta waliojeruhiwa na kuokota maiti, na hakunyamaza. Baadaye ikambidi aondoke Kenya. Mimi nasema kwamba siku zile mama yule alifanya kazi ya mwandishi, kwa maana kazi hiyo mwanzo wake si kalamu wala kamera. Mwanzo wake ni kwenda mahali penyewe na kuhesabu.

Ndugu mmoja amesema hapa kwamba habari rasmi zatosha, kwamba chama kitoe taarifa yake na serikali itoe taarifa yake, na mwandishi apewe karatasi akachape. Nitamjibu kwa habari ya Hola.

Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola kwenye Mto Tana, wafungwa wa Mau Mau walitolewa kwenda kuchimba mfereji. Wafungwa 11 wakafa. Serikali ya mkoloni ikatoa taarifa. Taarifa ile ilisema vifo vilitokea baada ya watu wale kunywa maji kutoka gari la maji. Hayo ndiyo yaliyochapwa, na aliyesoma alidhani maji yalikuwa mabaya. Tazameni ufundi wa taarifa hiyo. Haikusema maji yaliwaua. Ilisema walikufa baada ya kunywa, na pengine kweli walikunywa. Hakuna neno moja ndani yake ambalo ungeweza kulishika mkononi na kusema hili ni uongo, na taarifa nzima ilikuwa uongo mtupu. Madaktari walipozichunguza maiti waliona majeraha. Hakimu aliyefanya uchunguzi akasema mwezi wa Mei kwamba watu wale walikufa kwa kupigwa. Yaliyosemwa mbele ya hakimu yakachapwa, yakafika London, Bunge la Uingereza likaulizana usiku kucha mwezi wa Julai, na tangu hapo hakuna aliyeweza kuisifu siasa ile ya makambi.

Hapo waandishi wa habari tunawaona mara mbili. Siku ya kwanza walipewa karatasi wakachapa. Baadaye walikaa kwenye benchi la uchunguzi wakaandika maneno ya daktari. Watu ni wale wale, na magazeti ni yale yale. Ikiwa mnataka wa siku ya kwanza, basi pitisheni hoja hii, maana mwandishi asiyeruhusiwa kuingia hana njia nyingine ila kuchapa karatasi aliyopewa mlangoni. Hata jirani zetu wa Maralal wana hadithi yao. Gavana Renison alisema mwaka 1960 kwamba Kenyatta ni kiongozi wa kupeleka watu gizani na mautini, na Kenyatta alikuwa kifungoni hawezi kujibu. Aprili 1961 waandishi walipelekwa kwa ndege mpaka Maralal, wakakaa naye, wakamwuliza maswali, na watu wakasikia kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi mtu mwenyewe asema nini.

Lakini tuache mambo ya wakubwa. Tuzungumze habari za lori.

Ninyi mnajua jinsi ajali inavyoandikwa. Lori limepinduka, watu wawili wamekufa, dereva alishindwa kuliongoza gari. Maneno haya hutoka kituo cha polisi, na kila mara ni hayo hayo, utadhani yana muhuri. Au husemwa dereva alilala. Ni kweli, dereva alilala. Mtu aliyeendesha tangu Moyale, akapakua, akapakia, akaambiwa ageuke usiku ule ule, atafanya nini ila kulala? Sheria ya barabara kama ilivyorekebishwa 2012 yamkataza dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 katika saa 24. Nani kati yetu hajaendesha saa 14? Msinijibu, naona mnacheka.

Mnaikumbuka ajali iliyotokea mbele ya Archer's Post, na dereva wetu mnamjua, sina haja ya kumtaja, wala sitalitaja jina la tajiri. Siku ya kwanza gazeti liliandika dereva alilala. Jamaa zake wakatukanwa. Lakini yule kijana, huyu huyu tunayetaka kumfukuza, alikwenda hospitali akakaa na tanboi aliyevunjika mguu. Alimwuliza walitoka saa ngapi, wakala wapi, wakapumzika wapi. Akaomba kuona karatasi za mzigo, akahesabu saa. Zilikuwa saa 19. Akampelekea tajiri swali. Tajiri hakujibu, kama mimi nilivyofanya. Akaandika: saa 19, na tajiri aliulizwa, hakujibu. Wiki ya pili tajiri akakubali kukaa na halmashauri yetu, na leo kila gari lake la safari ya Moyale lina madereva wawili. Tulikuwa tumemwandikia tajiri huyo barua tatu kabla ya hapo. Nakala ziko katika faili. Hakujibu hata moja.

Siku hiyo hatukusema waandishi wasije. Tulimpigia makofi.

Na si siku hiyo tu. Tulipofungua ofisi hii tulimwita, tukampa shilingi elfu moja tukaiita nauli, naye anakaa nyuma ya soko, mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Aliandika habari nzuri sana, na picha ya Mwenyekiti akikata utepe. Fedha ile niliitoa mimi kwa mkono wangu, na imo katika hesabu ambazo mtaziona leo, ukurasa wa pili. Nawauliza, ni ipi kati ya habari hizi ilitudhuru zaidi: ile ya kweli aliyoandika bure, au ile ya sifa tuliyoinunua? Maana tajiri naye ana shilingi elfu. Ana elfu kumi. Tukimfundisha kijana kwamba habari hununuliwa, sisi tutakuwa wa kwanza kushindwa katika mnada huo.

Hapo nafika kwenye jambo la kazi, ambalo ni letu hasa. Mwandishi wa mji kama huu hana mshahara wa mwezi. Wengi wao hulipwa kwa habari iliyotoka. Isipotoka, halipwi kitu. Amekwenda Merti kwa gari la mizigo, amelala huko, amerudi, na Nairobi wamesema leo hakuna nafasi. Nauli ni yake, simu ni yake, na akiumia njiani ni shauri lake. Neno hilo twalijua sisi. Ni kibarua. Tofauti yake na mpakuzi wa magunia ni shati safi, na hilo nalo lapauka. Waandishi wa Kenya wana chama chao tangu 1962, lakini mtu wa mbali kama huyu ni vigumu kwa chama kumfikia, kama ilivyokuwa vigumu kwetu kuwafikia matanboi tulipoanza. Ukiona mwandishi ananyoosha mkono apewe bahasha, mlaumu, ni haki yako. Kisha uulize nani alimwajiri bila kumlipa.

Na wanakufa kazini kama sisi. Tarehe 12 Julai 1993, mjini Mogadishu, kundi la watu wenye hasira ya kupigwa mabomu liliwaua waandishi wanne waliokwenda kuona waliouawa. Wawili walikuwa wetu, Wakenya: Hos Maina, mpiga picha, na Anthony Macharia, fundi wa sauti. Watu husahau fundi wa sauti. Mimi simsahau, kwa kuwa ni kama tanboi. Dereva hutajwa, tanboi hatajwi. Hapa kwetu Kenya, John Kituyi, mhariri wa gazeti dogo la Eldoret, aliuawa njiani akirudi nyumbani Aprili 2015.

Tena wanachama wapya huenda hamjui kwamba vyama vya wafanyi kazi vya nchi hii vilizaliwa karibu sana na mashine ya chapa. Makhan Singh, aliyeanzisha chama cha wafanyi kazi Nairobi mwaka 1935, alifanya kazi katika duka la chapa la babake. Mkoloni alimkamata Mei 1950, akamweka mpaka Oktoba 1961, Lokitaung, Maralal na Dol Dol, nchi hizi hizi zetu, miaka zaidi ya 11. Pio Gama Pinto naye alikuwa mwandishi wa magazeti na rafiki wa vyama. Alifungwa kisiwani Manda wakati wa hali ya hatari, akatoka, akasaidia kuanzisha matbaa ya Pan African Press, ambayo ilitoa gazeti la Kiswahili la Sauti ya Mwafrika. Tarehe 24 Februari 1965 alipigwa risasi mlangoni pa nyumba yake, na mtoto wake mdogo alikuwa ndani ya gari. Mwaka 1952 mkoloni alipotaka kuwanyamazisha Waafrika, hakuanza na bunduki peke yake. Alipiga marufuku magazeti yao, Mumenyereri la Henry Muoria likiwa mojawapo. Mimi nisingependa tawi letu lionekane katika safu hiyo, hata mwisho wake.

Sasa nirudi kwenye ile mikono minne, maana sitaki mseme mweka hazina amewafanya waandishi malaika. Mikono minne ilisikia sahihisho, na nyumba nzima ilisikia kosa. Hiyo ndiyo hatari ya kazi hiyo. Neno likitoka halirudi, na linalolifuata halina miguu mirefu kama yake. Mwandishi akikosea juu ya fedha, mtu mmoja anaona haya. Akikosea juu ya kabila, watu wanakufa. Mwaka 2011 na 2012 mji huu ulichomeka, Waborana, Waturkana, Wasomali, Wasamburu, Wameru, hakuna nyumba ambayo haikuogopa. Mlikuwapo. Mwajua jinsi habari ya ng'ombe walioibiwa ilivyofika mjini ikiwa ng'ombe kumi, ikafika Bulapesa ikiwa mia moja na watu watatu wamekufa. Na siku hizi ni vibaya zaidi, kwa kuwa kila mtu ana simu, kila mtu ni mtangazaji, na hakuna wa kumwandikia barua ya sahihisho. Huko Rwanda mwaka 1994 redio iliwataja watu kwa majina na mahali walipojificha. Mahakama ya Arusha iliwahukumu wakubwa wa redio ile na mhariri wa gazeti la Kangura, Desemba 2003. Kwa hiyo sisemi mwandishi aachwe afanye apendavyo. Nasema tumwulize maswali yale yale tunayomwuliza fundi wa breki: umeangalia mwenyewe? Umeuliza upande wa pili? Ukikosa, utarudi kurekebisha? Kijana yule, katika shauri langu, aliulizwa yote matatu nami ndani ya moyo wangu, usiku nilipokosa usingizi, na mara tatu alijibu ndiyo. Mimi ndiye niliyejibu la.

Ndugu yangu wa lodji amesema jambo la maana, kwamba tajiri atapata siri zetu gazetini. Hilo si upuuzi. Tukiwa katika mapatano ya mishahara, haifai tajiri ajue tutashuka mpaka wapi. Lakini mambo hayo hatuyasemi katika mkutano huu. Yasemwa katika halmashauri ya mapatano, watu saba, mlango umefungwa, na hakuna mwandishi aliyewahi kuomba kuingia. Mkutano wa wanachama ni wa hesabu, uchaguzi na malalamiko. Ni nini katika hayo ambacho mwanachama aliye Moyale leo hastahili kukijua kwa sababu tu yuko Moyale?

Na tukumbuke sisi ni nani katika shauri hili. Katiba ya 2010, kifungu cha 34, yalinda uhuru wa vyombo vya habari, na kifungu cha 41 chalinda vyama vyetu. Vimeandikwa kitabu kimoja. Serikali ilipozima televisheni tarehe 30 Januari 2018, na ilipoamuru tarehe 25 Juni 2025 maandamano yasionyeshwe moja kwa moja, wengi wetu tulikasirika, na mimi nilisikia hapa hapa mtu akisema serikali inaogopa nini. Ndugu huyo ndiye aliyeleta hoja hii. Simtaji, ni rafiki yangu, na najua ameileta kwa kunionea huruma. Namshukuru kwa huruma yake.

Sina mengi zaidi. Ndugu Mwenyekiti, naomba hoja iondolewe. Ikiwa haiondolewi, naomba ipigiwe kura kwa mikono ili ijulikane. Pili, naomba tuandike katika daftari ya mkutano kwamba tangu leo chama hakitoi nauli kwa mwandishi yeyote, mkubwa wala mdogo, ila chai na maji kama mgeni mwingine. Tatu, hesabu za miaka miwili ziko mezani hapa. Zimekaguliwa, zina muhuri, na nimerudufu nakala sitini, chukueni mpeane. Ukurasa wa tatu una kosa la kujumlisha la shilingi 340 ambalo mkaguzi ameliona na mimi nimelipa. Risiti imebandikwa chini.

Na kijana mwenyewe yuko nje, chini ya ule mgunga, tangu saa nne. Aliniuliza kama aingie nikamwambia angoje mpaka mkutano uamue. Jua limekuwa kali, Ndugu Mwenyekiti.